Kinachokula alumini ziwani si maji

Mafundi wengi wa Mwanza watakwambia maji baridi hayali alumini. Hayo, wanasema, ni mambo ya Dar na Tanga, huko kwenye chumvi. Huku boti ukiitoa majini unaifuta, au huifuti kabisa, na maisha yanaendelea. Nimefanya kazi pande zote mbili, nikianzia Tanga na kuhamia hapa Kirumba, na nakubaliana nao nusu. Maji ya ziwa yenyewe hayana ugomvi mkubwa na alumini nzuri. Ugomvi unaletwa na vitu tunavyoigusisha alumini hiyo, kisha tukaviacha hapo na unyevu wake.

Boti nyingi za ziwa hili ni za mbao, lakini hata boti ya mbao nyuma yake inaning'inia alumini: gamba la injini, mguu wake, gia boksi, mara nyingi mpaka propela. Kwa hiyo sikosi kazi. Na kazi yangu inafuata mwezi. Wavuvi wa dagaa wanavua gizani kwa taa. Mbalamwezi ikishika wanapumzika, na hapo ndipo injini zinaletwa kwa fujo, nyingine kwa guta, nyingine begani. Kipindi hicho nakipenda kwa sababu kinanipa nafasi ya kulinganisha. Unazipanga kwenye stendi moja iliyotoka Ukerewe, moja ya Kome, moja ya Igombe, zote za aina moja na umri unaokaribiana, halafu unakuta moja mguu umetafunwa mpaka unaingiza kidole na jirani yake bado ana rangi ya kiwandani. Ziwa ni lile lile. Sasa tafuta tofauti.

Kabla ya tofauti, kitu kimoja lazima kieleweke, la sivyo mengine yote yatakuwa ya kukariri. Alumini ni metali inayoshambuliwa na hewa haraka kuliko chuma. Kinachoiokoa ni kwamba shambulio lenyewe linageuka kuwa kinga: ukiikwangua, papo hapo inajifunika upya, kama maziwa ya moto yanavyoweka utando kila unapouondoa. Utando huo ni oksaidi, una unene wa nanomita chache tu, huuoni kwa macho, na ndio unaofanya sufuria ya bibi irithiwe. Unakaa vizuri maji yakiwa katikati, pH (kipimo cha asidi na alkali) kuanzia 4 mpaka 8.5 hivi. Yakizidi asidi unayeyuka, yakizidi alkali unayeyuka pia. Watu wanaijua asidi, wanaogopa maji ya betri. Alkali hawaiogopi, na ndiyo iliyojaa majumbani: majivu ya kusugulia sufuria, magadi ya kulainishia maharage, saruji mbichi. Mama lishe ambaye sufuria yake imekuwa nyeusi ndani kwa makande ya magadi ameshaliona jambo hili bila kuhitaji mwalimu. Na wanaotengeneza sabuni nyumbani nawaomba jambo moja: kostiki soda isiwekwe kabisa kwenye chombo cha alumini. Inachemka yenyewe, chombo kinatoboka, na gesi inayotoka ni haidrojeni, ambayo jiko la mkaa likiwa jirani inawaka.

Hata ziwa lina upande wake wa alkali. Kwenye ghuba zilizotulia, maji yakiwa ya kijani kwa mwani, mchana wa jua mwani unanyonya kaboni dayoksaidi na pH inapanda. Kwenye maji ya namna hiyo inaweza kupita 9. Boti iliyoegeshwa wiki nzima ndani ya uji wa kijani haiko kwenye maji yale yale ya boti inayokimbia katikati ya ziwa. Lakini hilo ni jambo dogo ukilinganisha na zinki.

Kile kipande cha kijivu kilichofungwa kwenye mguu wa injini, karibu na propela, wengi wanakiita zinki na wengi hawajui kiko pale kufanya nini. Kiko pale kiliwe. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji zinakuwa betri, na moja inaliwa kwa niaba ya nyingine. Zinki inakubali kuliwa mapema kuliko alumini, alumini mapema kuliko chuma, chuma mapema kuliko shaba na stenlesi. Mguu wa injini ni alumini, shafti ya propela ni stenlesi, kwa hiyo bila kile kipande anayeliwa ni mguu.

Baharini hesabu hiyo inafanya kazi vizuri. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, umeme unapita kwa raha, zinki inayeyuka taratibu na wewe unabadilisha ikifika nusu. Ziwani maji yana chumvi kidogo mno, ndiyo maana tunayanywa, na umeme unapita kwa shida. Zinki kwenye maji ya namna hii inajifunika gamba gumu jeupe na kulala. Hailiki. Mzee mmoja wa Ukerewe aliniletea injini yake akiwa amekasirika kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, zinki hii nimeiweka mimi mwenyewe, angalia, bado nzima. Mbona mguu unaliwa?"

Nikamwambia mzee wangu, mguu unaliwa kwa sababu zinki ni nzima. Hakunielewa, akadhani namtania. Nikaigonga kwa bisibisi, gamba jeupe likaruka, chini yake metali inang'aa kama ya dukani. Nikamwonyesha pembeni, pale muhuri wa shafti unapokaa, alumini imegeuka unga. Hapo akavuta kiti.

Kwa maji baridi kinachotakiwa ni kipande cha magnesiamu. Nguvu yake ya kusukuma umeme ni kubwa kuliko ya zinki na inaendelea kufanya kazi hata kwenye maji haya. Duka linaloweka zinki halikosi kwenye miji yetu. Magnesiamu mara nyingi utaagiza, na muuzaji atakushawishi kwamba ni kitu kile kile. Si kile kile. Pia usijaze vipande vingi ukidhani unaongeza ulinzi. Sehemu inayolindwa kupita kiasi, maji yaliyoigusa yanakuwa alkali, rangi inavimba malengelenge, na alumini chini yake inaanza kuliwa na alkali hiyo hiyo. Na injini ikihamishiwa pwani, ondoa magnesiamu siku hiyo hiyo, kwenye chumvi inaisha kwa kasi ya ajabu.

Kipande chochote utakachoweka, kiguse metali. Vijana wetu wana tabia ya kupulizia rangi injini nzima ipendeze, zinki ikiwemo, au wanapaka rangi chini yake kisha wanafunga. Kipande kilichopakwa rangi ni pambo. Mimi nakwangua pale kinapokaa mpaka metali ing'ae, nafunga, halafu naweka mita kati yake na mguu. Ikisoma zaidi ya omu moja nafungua tena. Na zinki za kumiminwa mtaani kwa vyuma chakavu siziweki hata kwa adui: chuma kidogo tu kikiingia wakati wa kuyeyusha, kipande kinalala hata baharini.

Hiyo ndiyo tofauti ya injini zangu zilizopangwa stendi. Sasa twende kwenye boti zenyewe za alumini. Maji kupitisha umeme kwa shida kuna faida yake pia: metali mbili zinapogombana hapa, madhara hayaendi mbali. Baharini bolti moja ya stenlesi inaweza kusumbua eneo pana. Hapa inakula pale pale ilipo, duara dogo kuizunguka, lakini inakula kwa kina. Ndiyo maana boti ya alumini ya ziwani inaweza kuonekana safi kabisa ukiipita bandarini na bado ikawa imekufa kwenye maungio. Huwa sitazami ubavu wa boti. Natazama chini ya kila kilichofungwa.

Boti iliyonifundisha zaidi habari ya chumvi ilikuwa inabeba mizigo kati ya visiwa na soko la Mwaloni. Ya alumini, bamba zuri, lile la namba 5083 ambalo lina magnesiamu asilimia 4 mpaka 4.9 na linaaminika hata baharini. Mwenyewe alishangaa kuona maji yanaingia. Tukatoa mbao za sakafu. Chini yake kulikuwa na tope jeupe-kijivu lililoshikana, ukilisukuma na kisu linatoka kwa vipande, na chini ya kila kipande kuna shimo, dogo kwa mdomo, pana kwa ndani, mengine ncha ya kisu inazama yote. Hatua mbili pembeni, pale ambapo hewa inapita na maji yanakauka, bamba liko kama jipya. Nikanusa lile tope. Samaki, na chumvi.

Alikuwa anabeba kayabo. Sangara aliyepigwa chumvi kwa ajili ya soko la Kongo anachuruzika njia nzima, na wakati wa kwenda visiwani boti ilikuwa inapeleka magunia ya chumvi ya kazi hiyo. Kwa maneno mengine mwenye boti alikuwa ameibeba bahari kuileta ziwani. Kloraidi iliyomo kwenye chumvi ndiyo inayojua kutoboa ule utando, nukta kwa nukta. Utando unataka oksijeni ili ujirudishe. Chini ya tope na mbao zilizolowa oksijeni haifiki, kwa hiyo nukta haizibi. Shimo likishaanza, ndani yake panatengenezeka asidi, na kuanzia hapo linajichimba lenyewe hata ukiosha juu.

Tulikwangua kila shimo kwa grenda mpaka metali safi. Yaliyokuwa mafupi tuliyajaza kwa kuchomelea kwa gesi ya agoni, waya wa 5356. Sehemu iliyokuwa na mashimo mengi tulikata na kuweka bamba jipya. Sakafu ikarudi ikiwa juu ya vipande vya plastiki ili hewa ipite chini na ipigwe maji kila safari. Kayabo anapakiwa kwenye makreti ya plastiki. Mwenyewe alilalamika kuhusu makreti kuliko alivyolalamika kuhusu gharama ya kuchomelea, sijui kwa nini.

Kwenye sakafu ile ile kulikuwa na jambo la pili ambalo ningeweza kulipita nisingekuwa nimejenga nyumba. Mbao mbili kati ya zile zilikuwa mbao za dawa, zile za kijani tunazopigia kenchi zisiliwe na mchwa. Ukijani ule ni shaba. Mbao ikilowa, shaba inajitoa kidogo kidogo, inatua juu ya alumini, na kila chembe inakuwa betri yake ndogo. Mashimo chini ya mbao hizo yalikuwa yamekaa kwa mstari, yamefuata mbao kwa urefu wake. Anayeezeka bati za alumini juu ya kenchi za dawa naye alijue hili: weka kizuizi katikati, hata karatasi nzito ya lami, na mbao ziwe zimekauka kabla hazijapigwa bati.

Shaba ina njia nyingine ya kuingia kwenye boti: umeme. Zamani wavuvi wa dagaa walitumia karabai, sasa ni taa za LED na betri, na kila anayefunga taa anakata waya na kuacha vipande vinadondoka. Vinaishia kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Kipande kimoja cha waya, urefu wa kucha, kinatosha kutoboa bamba jembamba kikiachwa. Nikifungua boti ya alumini, cha kwanza napitisha kitambaa kwenye ngama nione kinatoka na nini.

Na ule umeme wenyewe ni mbaya zaidi ya waya. Waya chanya uliochubuka ukigusa gamba la boti, umeme unatoka kwenye gamba, unapita majini na kurudi hasi ya betri kupitia mguu wa injini. Pale unapotoka kwenye metali ndipo metali inapoliwa. Hii haingoji miaka, inahesabu wiki. Kwa hiyo kila taa iwe na nyaya zake mbili, isitumie gamba kama waya wa kurudia, fyuzi iwe karibu na betri, na swichi kuu izimwe mkishuka. Kupima si kazi: chomoa betri, weka mita kati ya waya chanya na gamba. Mita isione njia. Ikiiona, fuata waya mpaka umpate mchawi.

Kuhusu bamba la kuzibia, hapa ndipo wateja na mimi tunagombana. Mtu anakuja na kipande cha alumini kutoka kwa wauza skrepa, kigumu, chepesi, kinang'aa, anataka nikitumie. Ugumu ule ndio unaonitia mashaka. Alumini ngumu ya zamani za ndege, ile iliyogunduliwa na Mjerumani Alfred Wilm mwaka 1906, ina shaba asilimia 4 hivi, na shaba ndani ya alumini inaila kutoka ndani. Kwenye ndege wanaifunika kwa tabaka la alumini safi. Ukiikata, kingo zimebaki uchi. Kuitambua ni rahisi. Nachukua kostiki soda, gramu 10 mpaka 20 kwenye mililita 100 za maji, nikiimwaga soda ndani ya maji na si maji juu ya soda, nimevaa glovu na miwani. Nakwangua kona ya bamba kwa msasa, nadondosha tone moja, nasubiri dakika chache, nasuuza. Doa likiwa jeupe au metali ikibaki safi, tunaongea: inaweza kuwa ya magnesiamu. Likiwa la kijivu, kuna silikoni, kama zilivyo alumini nyingi za kumimina. Likiwa jeusi, shaba ipo, na mteja anarudi na bamba lake. Mmoja alirudi nalo akampelekea fundi mwingine. Sina neno, kila mtu na jina lake.

Bolti zilizoganda nazo ni habari ya kutu hiyo hiyo. Unga mweupe unaotoka kwenye alumini unachukua nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa, kwa hiyo unaibana bolti ya stenlesi mpaka inakatika kichwa. Usiipashe moto bolti, pasha alumini inayoizunguka. Alumini inatanuka kwa joto karibu mara moja na nusu ya stenlesi, tundu linafunguka. Ila uwe na mkono mwepesi: chuma kikipata moto kinakuwa chekundu, unaonywa, alumini haibadiliki rangi, inafika nyuzijoto 660, iliyochanganywa hata kabla ya hapo, na kuanguka chini kama maji. Mimi nachora alama kwa sabuni ya kipande, sabuni ikiwa kahawia naondoa moto. Wakati wa kurudisha, weka grisi isiyosafishika na maji kwenye nyuzi, washa ya nailoni chini ya kichwa, silikoni au gundi ya boti kati ya metali mbili. Grisi nyeusi yenye grafaiti iache kwenye chuma. Grafaiti ni mbaya kwa alumini kuliko hata shaba.

Rangi sitaiongelea sana. Osha mafuta, piga msasa, paka praima ya epoksi siku ile ile kabla unyevu haujarudi, na rangi yenye shaba usiiruhusu ikaribie. Wa madirisha wanajua kwamba fremu zao ni za alumini ya 6063 yenye kinga ya kiwandani. Wasichojua vijana wa plasta ni kwamba tope la saruji likiachwa juu yake usiku mmoja, doa lile halitoki tena.

Kilichobaki ni zebaki. Hapa tunapakana na Geita, na wachimbaji wadogo wanaibeba kwenye vichupa mifukoni. Boti moja ya abiria ya alumini ilipata ufa wa ajabu sakafuni, na pembeni ya ufa palikuwa pameota manyoya meupe, laini, ukiyapuliza yanapeperuka, ukirudi baada ya chakula cha mchana yameota tena. Nahodha akasema wametupiwa kitu. Nikamuuliza alibeba wachimbaji lini. Akakumbuka kijana mmoja aliyevunja kichupa na kuhangaika kuokota vitone kwa karatasi.

Zebaki ikipata mkwaruzo inachanganyika na alumini, utando haushiki tena, na metali inajigeuza unga usiku na mchana bila zebaki yenyewe kuisha. Ndiyo sababu ndege hazikubali ibebwe ovyo ovyo. Vijana wangu walitaka kuipitishia moto "iungue". Nikawafukuza wote nje, kwa sababu zebaki ikipata moto inakuwa mvuke na mvuke huo unaingia kichwani na kwenye figo. Tulivaa glovu, tukaisogeza boti penye upepo, tukakata kwa msumeno wa mkono mraba mkubwa kuliko doa kwa kiganja kizima kila upande, tukaweka kipande na unga wake kwenye ndoo yenye mfuniko mbali na vyuma vingine. Boti ikakaa siku kadhaa bila kuguswa, nikitazama kingo. Manyoya hayakuota, ndipo nikaruhusu bamba jipya lichomelewe.

Nahodha sasa anawauliza abiria wa upande huo wana nini mfukoni, na wengine wanachukia.